Nishikie Mtoto

Walikuwa wanawake watatu, kila mmoja na kipawa chake, na mtoto mmoja tu wa kupotea. Ni kitendawili hiki, lakini si cha mchezo, jibu lake linatakiwa mwezi huu na mpaka leo sinalo. Kwa hiyo wakubwa sikilizeni, na watoto sikilizeni, maana mtoto mara nyingine huona pale mtu mzima alipofumba. Msinikatize. Nikikatizwa nitalia, na nikilia hatutafika.

Wa kwanza ni dada yangu wa tumbo moja, Mwanamize. Kipawa chake ni saa. Anakata tiketi za mabasi hapa Malindi tangu alipomaliza shule, kichwa chake chote kimekuwa stendi, ukimwamsha usingizini ukamuuliza gari la Garsen linatoka lini atakujibu kabla hajafumbua macho, kisha atakuuliza una mizigo mingapi.

Wa pili ni wifi yangu Shuwena, dada wa mume wangu. Kipawa chake ni ulimi. Anasuka nywele za Wataliano pale ufukweni, na Kitaliano hakukisoma darasani, amekiokota vichwani mwa watu, msuko kwa msuko, mpaka leo anatukana nacho na anatoa pole nacho. Shuwena ukimpa jiwe atalijulia hali, na jiwe litamjibu.

Wa tatu ni Shangazi Tima, aliyemlea mume wangu Abudi tangu mama yake alipofariki. Kipawa chake ni miguu. Njia akiipita mara moja haimpotei tena, mchana, usiku, mvua, jua. Alikuwa akisema, "Njia haiwekwi kichwani, kichwani mna fujo. Njia inawekwa kwenye nyayo."

Na mtoto ni Raya, binti yangu, wa miaka minne.

Mimi ni mama yake tu. Nilipomzaa Raya presha ilipanda nikazimika, nikaamka siku nyingine nikaambiwa nimezaa. Sasa nina mwingine tumboni, naye ni msichana, kipimo kimeonyesha, na daktari ameniambia kwa upole ule wao unaotisha kuliko ukali kwamba hii mimba ya pili niiangalie sana. Lishikeni hilo, mtalihitaji.

Basi. Tulifikaje Italia watu kama sisi? Ni kwa sababu ya nyonga. Yuko bibi wa Kitaliano mwenye nyumba hapa Malindi, tunamwita Mama Pina, alianguka bafuni akavunjika nyonga na Shuwena akamwuguza kama mamake. Alipopona akasema, nina nyumba ya ghorofani Bologna iko tupu, njoo na watu wako mpumzike. Abudi hakuweza kuliacha jiko la hoteli. Akasema, "Nendeni wanawake, Shangazi atawaangalia." Shuwena akacheka, "Wataliano wametukodolea macho miaka yote kwenye vitanda vyao vya ufukweni. Na sisi twende tukawakodolee."

Bologna ni mji mwekundu, na mitaa yake ina vibaraza virefu vilivyoezekwa, mvua inanyesha na wewe unatembea mkavu kutoka nyumbani hadi sokoni. Shangazi aliupenda kwa hilo, akauchukia kwa nyama. Kila duka alilochungulia, nguruwe amening'inia. "Mji mzuri," akasema, "lakini mwenyeji wake ni mmoja tu." Akawa anatupikia wali nyumbani.

Mama Pina alikuwa ametufundisha jinsi ya kuizuru nchi ile. Msihamehame na masanduku, alisema, laleni mahali pamoja. Muwe kama kuku wa kienyeji, asubuhi mnatoka, mnachakura, jioni mnarudi bandani. Kazi ya kupanga tuchakure wapi ikawa ya Mwanamize, na sijawahi kumwona dada yangu na furaha kama ile. Alikwenda stesheni ya Bologna akasimama mbele ya ubao wa treni kama mtu aliyesimama mbele ya bahari. Tulikwenda Ferrara, wazee wanaendesha baiskeli wameshika miavuli. Tulikwenda Ravenna, kuta za makanisa yao zimetiwa vijiwe vya rangi vidogo kama punje za mtama, Raya akataka kuvibandua. Kila jioni tulirudi bandani. Hatukuchelewa hata siku moja.

Ndipo ikaja ile Jumapili.

Mwanamize alituweka mezani akatupangia. "Asubuhi tunakwenda mji wenye daraja la mawe. Mchana tunapanda treni nyingine hadi Pietralenta, kuna sherehe ya kokwa." Kokwa zile ni za miti ya msituni, kubwa, za kahawia, wanazichoma barabarani kama sisi tunavyochoma korosho. "Na juu ya Pietralenta kuna kituo kidogo, Acquabuia, treni husimama pale Jumapili tu, kuna maporomoko ya maji..."

"Maporomoko na mja mzito?" akauliza Shangazi. "Toa hayo."

"Nimeyatoa."

"Na mmoja wa ile miji utoe pia. Siku moja, shughuli mbili?"

"Shangazi, treni si punda. Haichoki."

"Treni haichoki. Mimi je?"

Tukacheka. Ikabaki miji miwili, na baina ya mmoja na mwingine nafasi ndogo ya kupumua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa kila kipawa kinageuka.

Saa ya Mwanamize ilitubana. Tulifika Pietralenta tukiwa tumeshachelewa, tumekula tukitembea, Raya amekosa usingizi wake wa mchana, na treni ya kuturudisha ilikuwa ya jioni ileile, ya mwisho ya kutufikisha Bologna. Mwanamize akawa anatusukuma mgongoni, "Haya, haya, haya," kama anajaza gari.

Ulimi wa Shuwena ulituchelewesha. Mchoma kokwa alikuwa amewahi kufika Watamu, jirani na kwetu, ujana wake, basi wakaanza, unamjua fulani, namjua, na yule wa mgahawa je, alikufa, lo, pole, alikuwa na deni la msuko wangu. Akamjazia Raya mfuko wa karatasi, kokwa za moto. Mwanamize akamvuta mkono, Shuwena akasema, "Ngoja, ni utovu wa adabu kumwacha mtu katikati ya neno." Tukamngoja amalize neno. Likawa maneno.

Miguu ya Shangazi ilitupoteza. Tulipoanza kukimbia alisema nifuateni, akatupitisha nyuma ya kanisa, kichochoroni, akatutoa stesheni kwenye jukwaa lilelile tuliloshukia mchana. Hakukosea hata hatua. Lakini jukwaa tuliloshukia tukipanda mlima ni la treni za kupanda mlima, na sisi sasa tulikuwa watu wa kushuka. Treni ilikuwa imesimama pale. Mwanamize akatazama saa ya ukutani akapiga kelele, "Ndiyo yenyewe, ndiyo saa yake!" Na kweli ilikuwa saa yake. Reli pale ni moja, treni ya kupanda na ya kushuka hupishana Pietralenta kwa saa ileile. Saa sawa, treni siyo.

Ngazi ya behewa ilikuwa juu. Mlangoni alisimama bibi mmoja wa Kitaliano, mtandio wa buluu kichwani. Shangazi akamnyanyua Raya, akamwambia yule bibi kwa Kiswahili, "Mama, nishikie mtoto."

Nyinyi wa hapa mnajua, nani kati yenu hajafanya hivyo? Gari limejaa, una mzigo, una mimba, unampitisha mtoto kwanza, unampa mama yeyote aliyekwisha kukaa, nishikie, wewe unaingia baadaye na hata shukrani hutoi kwa kuwa kesho utashikishwa wa mwingine. Na yule bibi akampokea, kwa sababu mtu akipewa mtoto mikono hupokea kabla akili haijauliza. Shangazi akageuka kunivuta mimi na tumbo langu.

Mlango ukajifunga.

Milango ya kule inajifunga yenyewe, hakuna utingo wa kugongewa bodi. Tuliugonga. Tulikimbia nao tukiugonga. Nikamwona mwanangu kiooni, hajalia bado, ameshika mfuko wake wa kokwa, ananishangaa kwa nini nakimbia nje na yeye yuko ndani. Kisha nikaona mkia wa treni, kisha reli tupu, na mlima.

Hapo ndipo nilipoweka nadhiri. Sikuifikiria, ilinitoka. Nilishika tumbo langu kwa mikono miwili nikasema kwa sauti, mbele yao wote watatu, "Ee Mola wangu, atakayenirudishia Raya, huyu aliye humu ndani atakuwa somo wake."

Mnajua somo ni nini kwetu. Mtoto atabeba jina lake. Nguo ya kwanza atavishwa na yeye. Na mama wa mtoto akifa, somo ndiye anayenyoosha mikono kumpokea.

Basi ikawa hivi.

Mwanamize alijua wapi. Stesheni haikuwa na mtu, ni mkahawa tu pembeni, mwenye mkahawa akapiga nambari ya dharura, Shuwena akawa anatafsiri, na askari wakasema tulieni, ile treni haisimami mpaka mji wa mwisho, tutaingoja kule. Mwenye mkahawa akatutolea viti, akatuambia tukae. Dada yangu hakukaa. "Leo Jumapili," akasema. "Jumapili inasimama vituo viwili kabla ya mwisho. Mwambie. Kimoja sikijui jina, cha pili ni Acquabuia." Mwenye mkahawa akatikisa kichwa, akasema yeye amezaliwa pale, hakuna treni inayosimama Acquabuia. Mwanamize akamwambia Shuwena, "Muulize mara ya mwisho kupanda treni ni lini." Yule mtu akafikiri. Akasema ana gari. "Basi atupeleke kwa hilo gari lake," akasema Mwanamize, na sauti yake haikuwa ya kuomba. Tukaenda. Njiani simu ikaita, ni askari, treni imefika mwisho, hakuna mtoto ndani. Kama tungekaa kwenye vile viti, ndio kwanza tungeanza kusimama.

Kituo cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili, Acquabuia, kilikuwa na benchi, taa, na chini ya benchi maganda ya kokwa, na mfuko wa karatasi. Nikauokota. Ulikuwa umepoa. Mwezi wa Oktoba kule milimani jioni huanguka kama pazia, na baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Nyumba zilikuwa chache, zote zimefungwa madirisha, moja tu ina mwanga, na tulipobisha mwanga ukazimwa.

Shuwena alijua vipi. Sauti ya kikongwe ikasema kutoka ndani, sijui kitu, nendeni. Mwenye mkahawa akataka kuupiga mlango teke. Mwanamize alikuwa anapiga kelele, mimi nilikuwa nimekaa chini. Shuwena akatunyamazisha wote, akakaa kizingitini, akaegemeza kichwa kwenye ubao wa mlango, akaanza kuzungumza taratibu kwa sauti ile anayowasukia watu nayo. Baadaye nilimwuliza ulisema nini. Akasema, nilimwambia, Mama, miguu inakuuma, nimeona fimbo yako hapa nje. Mtoto alikung'ata? Mimi huning'ata kila Ijumaa nikimsuka. Mama, hatukuja kukukamata, hukuiba mtoto, sisi wenyewe tulikupa, kwetu ndivyo tunavyofanya, tunampa mtoto mtu yeyote mwenye sura ya mama, na wewe unayo. Ni kosa letu kwamba hatukukuambia kwanza. Ndani tukasikia kilio, kisha komeo. Akafungua. Mkononi mwake mlikuwa na alama za meno ya mwanangu.

Akatueleza. Treni ilipoondoka Raya alipiga mayowe, abiria wakamtazama kama mwizi, yeye akaona heri ateremke kituo chake ampigie simu askari kutoka nyumbani. Akamketisha kwenye benchi apumue, akamlisha kokwa. Walipoanza kutembea Raya akamng'ata, akakimbia, akaingia msituni. Alimfuata, miguu ikakataa. Akarudi ndani akashika simu, akaogopa, watasema nimemwiba, watasema nimemuua. Akaketi na simu mapajani. "Kaingilia wapi?" Shuwena akauliza. Bibi akanyoosha kidole kwenye mwanya baina ya miti miwili. Ulikuwa upande wa pili kabisa na ule ambao sisi tungeanza kutafuta.

Shangazi Tima alikwenda. Mwenye mkahawa akasema subirini waokoaji, wako njiani na mbwa, huko ndani kuna makorongo, kuna mto. Shangazi akauliza, "Anasemaje?" Shuwena akamwambia. Shangazi akavua viatu. Nikamwambia, "Shangazi, baridi." Akasema, "Mguu uliovaa kiatu ni kiziwi, mkaza mwanangu." Akajifunga leso moja kiunoni, nyingine begani, akaingia kwenye ule mwanya. Tukamsikia anaita, kama anavyomwita kila asubuhi uani kwetu, "Raya wa Bibi, uji umeiva. Raya wa Bibi, uji unapoa." Sauti ikaenda, ikaenda, ikawa ndogo kama ya mbu, ikakatika.

Waokoaji wakaja. Mbwa wakaja. Wakaingia na taa zao. Nikahesabu taa mpaka zikapotea zote, nikabaki na mti mmoja mbele yangu, nikawa nautazama huo mti kama vile mwanangu yuko ndani yake.

Alitoka kwenye mwanya uleule. Si kushoto kwake, si kulia kwake. Giza totoro, hana taa, ameloa mpaka kifuani, miguu yake inavuja damu, na mgongoni, ndani ya leso, Raya, amelowa, anatetemeka, lakini anatetemeka, mnanielewa? Alimkuta kwenye korongo, amesimama ndani ya maji, ameshikilia mzizi. Shangazi alishuka mle. Alipandaje na mtoto, hakuna ajuaye, waokoaji walikwenda kutazama kesho yake wakarudi wanatikisa vichwa.

Akafungua leso, akamgeuza mtoto mbele, akaninyooshea.

"Nishikie mtoto," akasema.

Nikampokea. Shangazi akaketi palepale barabarani, kama mtu aliyemaliza kufagia. Hakusimama tena.

Hospitali walisema moyo. Walisema maji yale na umri ule na mlima ule, na moyo ambao hatukujua kwamba ulikuwa mgonjwa, naye labda alijua. Nilikaa naye siku ile yote, Raya amelala kitanda cha pili, mzima. Kabla hajatutoka alinivuta mkono.

"Mkaza mwanangu. Nilimkabidhi mtu."

"Najua, Shangazi."

"Nilimwona ni mwanamke. Ndiyo maana nikampa."

"Najua."

"Mwambie Abudi alikuwa mwanamke."

Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho. Tukamzika kulekule, kwenye makaburi ya Waislamu, ardhi yao nyeusi na baridi, wanaume wa kigeni wenye huruma wakambeba kwa sababu hatukuwa na mwanamume. Miguu iliyojua kila njia ya kurudi nyumbani, tumeiacha huko.

Sasa tumerudi Malindi, na mambo yameanza.

Siku ya hitma, sahani hazijaoshwa, Shuwena akasema, "Mama Raya, na ile nadhiri?" Nikasema naifikiria. Akasema, "Mimi sidai. Lakini bila ulimi wangu ule mlango mngeuangalia mpaka asubuhi."

Dada yangu alikuwa anakusanya vikombe. Akasema bila kugeuka, "Mlango upi? Nani alikufikisha kwenye mlango?"

"Umenifikisha, ndiyo. Na nani alitufikisha Pietralenta tunahema kama mbuzi wa Idi? Miji miwili kwa siku moja."

"Nafasi ilikuwapo. Ikaliwa na umbea wako na mchoma kokwa."

"Umbea huohuo ndio uliomtoa yule kikongwe ndani."

"Na miji hiyohiyo miwili ndiyo iliyonijulisha Acquabuia."

Wakasikia walichokisema, wote wawili, wakalia. Hawasalimiani vizuri mpaka leo, mmoja akija kuniangalia mwingine anakumbuka ana shughuli.

Mume wangu anasema hakuna la kuamua. "Shangazi amekufa kwa ajili ya mwanangu. Wewe uliapa, atakayekurudishia. Nani alikunyooshea Raya? Mtoto ataitwa Fatima, jina kamili la Shangazi, lisizikwe Bologna." Anasema, kisha anatoka nje, na najua anakwenda kulia nyuma ya tangi la maji.

Mama yangu mzazi anasema, "Sikatai, alikufa. Lakini aliyemtoa mtoto mkononi ni nani? Mtu akiangusha sahani yako akaidaka kabla haijavunjika, unamzawadia?" Kisha anashusha sauti, maana ana akili mama yangu, na ananipenda kuliko anavyomchukia mtu yeyote. "Na wewe uko hatarini. Jina la marehemu halimshiki mtoto mkono. Ukitangulia wewe, Mungu apishe mbali, somo wa huyu mtoto atakuwa kaburi. Mpe Mwanamize. Ni damu yako."

Ndugu wa mume wangu wanasema, Mwanamize? Mtoto wetu alelewe kwa akina mama yake, na Shuwena yuko hai, na ile nyumba ya Bologna ni ya Mama Pina aliyemwalika Shuwena, mngekwenda bila Shuwena? Na mimi moyoni nasema, tusingekwenda. Hilo ni la kumshukuru au la kumlaumu?

Jirani mmoja akashauri nimpe majina yote matatu. Mama akamwambia, "Mtoto si treni, hana mabehewa." Na kweli, somo ni mmoja. Nadhiri yangu ilisema mmoja. Nimemwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, akasema nadhiri ni lazima itekelezwe kama ilivyotamkwa. Nikamwuliza, sasa aliyemrudisha ni yupi? Akakuna ndevu, akasema hilo alijuaye ni aliyeitamka.

Mimi ndiye niliyeitamka, na silijui. Nikiwaza saa, naona tungebaki kwenye vile viti na mwanangu ndani ya maji. Nikiwaza ulimi, naona mlango umefungwa na mwanangu ndani ya maji. Nikiwaza miguu, naona tunajua mahali na tunajua mwanya, tumesimama barabarani tunangoja mbwa, na mwanangu ndani ya maji. Ukiondoa mmoja wao, yeyote, mtoto anakufa. Na ukimwondoa mmoja wao mapema kidogo, yeyote, mtoto hapotei.

Raya mwenyewe nimemwuliza. Nikamwambia, mama, nani alikuleta? Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. Akasema, "Nilikuwa nakuja kwako."

Miguu yangu imevimba. Jana kwenye kliniki muuguzi aliivuta ile pampu ya presha mkononi mwangu mara ya pili, akaivuta ya tatu, akaenda kumwita mwenzake bila kuniambia kitu. Wamesema wiki hii nisilale mbali na hospitali. Mkoba uko mlangoni, ndani yake kuna nguo ndogo, mpya, bado sijui nani atamvisha.

Basi itakuwa hivi. Nitakuwa nimelala, ama naona ama sioni. Mkunga atatoka mlangoni na mtoto wa kike ndani ya leso, atawatazama watu waliosimama pale ukumbini, atasema kama tunavyosema sote, nishikieni mtoto. Mwanamize atakuwapo. Shuwena atakuwapo. Na baina yao patakuwa na nafasi ya mtu mmoja, ambayo hakuna hata mmoja wao atakayethubutu kuikanyaga. Mkunga ataniuliza, au atamwuliza Abudi ikiwa mimi siwezi tena kuulizwa: huyu ni somo wa nani?

Nyinyi mmenisikiliza mpaka hapa, hamkunikatiza. Kama kinywa ni chako wewe na nadhiri ni yako, utamtaja nani? Nijibuni upesi. Presha haingoji, na mtoto ameshageuka.